Nta kwenye Yai la Mwisho

Ugonjwa wa kideri ulimaliza kuku wa mama kwa siku nne. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimerudi nyumbani Kola, baada ya miaka mingi ya kuhamahama: Mombasa, Eldoret, Thika, palipokuwa na kazi na pasipokuwa nayo. Nilikuja kusalimia tu. Nikajikuta nachimba shimo nyuma ya choo, nafukia kuku.

Mama alipoolewa, nyanya alimfunga tetea mmoja mguu kwa kamba ya mkonge, akampa aende naye. Alikuwa wa shingo tupu, isiyo na unyoya hata mmoja, na kila kuku wa boma letu alitoka kwake. Huko mbali, nilipokumbuka nyumbani, sikukumbuka vilima wala kanisa. Nilikumbuka zile shingo nyekundu zikinyemelea mahindi tuliyoanika.

Tetea wa mwisho tulimkuta amekufa juu ya mayai saba. Mama aliyagusa.

"Bado kuna joto kidogo. Alikuwa ameyalalia siku tatu." Kisha akaniangalia. "Si wewe ulisema ulifanya kazi kwa mashine ya vifaranga?"

Ni kweli, Thika, miezi michache. Nikamwambia naweza kutengeneza yangu: katoni, balbu, sahani ya maji, kipimajoto.

"Imebaki siku kumi na nane," akasema. "Utakaa?"

Nikasema nitakaa.

Niliyabeba mayai kwenye kiondo, nikajikwaa mlangoni kwa begi langu mwenyewe, ambalo sikuwa nimelifungua tangu nifike. Yai moja lilipasuka kabisa, mbwa akalamba. Mawili yakapata ufa mwembamba kama unywele, moja ubavuni, jingine kwenye kichwa butu. Begi nikalisogeza ukutani.

Mama akaleta mshumaa.

"Weka tone moja tu juu ya ufa. Na hii ya kichwani usijaze. Mtoto anapumulia hapo."

"Mama, hii kazi naijua."

"Aiii. Haya, fundi."

Nikaziba kichwa chote. Nilitaka kitu nilichokivunja kionekane kimepona, nta nene, laini, isiyoonyesha ufa.

Nikawa nageuza mayai mara tatu kwa siku. Jirani yetu, mwanamke wa rika la mama, alipita akachungulia katoni.

"Kumbe kijana wako amerudi kuatamia! Na manyoya yataota lini?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu kideri. "Mwache. Angalau sasa hatembei."

Baada ya wiki moja nilifunga mlango na dirisha la jikoni, nikaweka tochi nyuma ya kila yai. Matano yalikuwa yamekufa: duara la damu, au giza lililotikisika kama maji. Lile la sita lilikuwa na mishipa myembamba, na doa jeusi la jicho lililosogea. Ndilo nililoliziba kichwa.

"Punguza nta," mama akasema.

"Nikikwangua litavunjika."

Niliogopa mikono yangu zaidi ya nilivyoogopa nta.

Asubuhi ya siku ya mwisho tulisikia sauti ndani ya ganda. Mama alilishika yai sikioni, akafumba macho.

"Anaita," akasema.

Tulikaa kando ya katoni, uji ukapoa vikombeni. Kufikia saa sita sauti ilikuwa inakuja mara moja moja. Saa tisa ikanyamaza.

"Fungua," mama akasema.

"Tungoje kidogo."

"Fungua, mwanangu."

Nilibandua nta kwa ukucha. Kifaranga alikuwa ametimia kila kitu, shingo yake tupu imejikunja chini ya bawa. Mdomo ulikuwa umetoboa ganda ukagota kwenye nta. Upande wa ndani wa ile nta kulikuwa na vishimo vidogo, vingi, mahali pamoja.

Mama alimlaza kiganjani, akaipapasa ile shingo kwa kidole gumba. Hakunilaumu. Nilitamani angenilaumu.

"Alikuwa wetu kabisa," akasema. Kisha, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari ya mvua: "Siku zimeisha. Sasa unaenda lini?"

Nilitaka kusema siendi. Lakini begi lilikuwa pale ukutani, zipu imefungwa kama nilivyokuja nalo, na yeye alikuwa analitazama. Kabla sijajibu, akainama akazima balbu.