Kaye Niliyoitia Sahihi Bila Kusoma

Kazi yangu ni tableti za shule. Nazunguka Masisi na Walikale, huku mashariki mwa Kongo, na begi la mgongoni lenye nyaya na bisibisi, napandisha paneli za jua juu ya mabati, nafundisha walimu kuwasha na kuzima. Wazazi nawaambia kwamba mtoto akisikiliza hadithi huku akifuata maneno kwa kidole, siku moja atajikuta anasoma. Nimeyasema haya mara nyingi mpaka nayasema hata nikiwaza mambo mengine.

Mwaka ule binti yangu alikuwa primere ya tatu, yaani darasa la tatu, kijijini kwetu Kingi. Mimi nilikuwa nakaa zaidi Kibua, na mvua ikiharibu barabara ningeweza kumaliza wiki mbili sijarudi. Nikifika nyumbani, mama yake alinipa chakula, kisha kaye ya mawasiliano, lile daftari ambamo mwalimu huwaandikia wazazi. Mke wangu hakupata kusoma shule, kwa hiyo mambo ya karatasi yalikuwa yangu. Nilitia sahihi chini ya maneno ya mwalimu na kumrudishia. Akiuliza mwalimu amesema nini, nilimjibu, "Iko muzuri."

Niliamini hivyo. Nilikuwa nimeacha tableti moja nyumbani, na binti yangu alikaa nayo kwenye kigoda karibu na mlango, akifungua hadithi ya kuku aliyeogopa kuvuka mto. Kidole kilitembea chini ya maneno, sauti ikipanda na kushuka kama ya mtangazaji wa redio. Nilimchukua video nikawaonyesha walimu wa Kibua.

Basi direktere, mkuu wa shule ya Kingi, akaniomba niwaonyeshe wazazi kazi ya tableti. Wazazi walifika kutoka mashambani, majembe wakayaegemeza ukutani. Direktere alitaka mtoto mmoja asome mbele ya watu. Nikamwita wangu. Nilizima sauti ya mashine ili wamsikie yeye, akasoma ya kuku mpaka mwisho, watu wakapiga makofi.

Mama mmoja aliyeketi mbele, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Papa, ile ya kuku hata wangu anaijua, anaiimbaka ku shamba. Asome ingine."

Nikafungua nyingine, ya mwanamke anayeuza ndizi. Binti yangu aliitazama sana. Akaweka kidole, akaanza: "Kuku alifika mtoni..." Kidole kilipita chini ya ndizi, na mdomo ukasema kuku. Watu wa nyuma wakacheka kidogo. Aliwasikia, lakini aliendelea mpaka mwisho, maana hakujua namna ya kuacha.

Ningeweza kumshika mkono nikamtoa pale. Badala yake nilipaza sauti. "Musimucheke mutoto. Mashini inafanya kazi. Lakini kama mwalimu hamufundishi hata herufi, tableti itafanya nini?"

Watu wote wakamgeukia mwalimu wake. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, chaki vidoleni. Ni mama wa pale pale kwetu, mababu zake walilima vilima vile, na kabla ya binti yangu aliwafundisha watoto wangu wawili wakubwa. Alinitazama. Akaiweka chaki dirishani.

"Nimesikia, Papa," akasema.

Nilifika nyumbani bado nina hasira, nikaomba kaye ili nimwandikie maneno makali. Nilikuwa natafuta ukurasa mweupe. Nikakuta maandishi ya mwalimu.

La kwanza lilisema: "Mtoto anakariri, hatambui herufi. Naomba mzazi afike shuleni." Chini yake, sahihi yangu. Mwezi uliofuata: "Naomba tena. Anashika sauti ya tableti tu. Izimwe nyumbani, asomewe polepole kwenye kitabu." Sahihi yangu. Kisha: "Nabaki naye kila siku baada ya masomo. Peke yangu sitaweza." Sahihi yangu tena, na ule mkia mrefu ninaoupenda.

Mke wangu aliniona nimesimama tu. "Ameandika nini?" akauliza. Nikamsomea yote matatu. Aliinama akaepua sufuria ya viazi.

"Na ulikuwa unaniambia iko muzuri," akasema.

Asubuhi yake nilimfuata mwalimu kwenye shamba lake la maharagwe juu ya barabara. Hakuacha kupalilia.

"Mama Mwalimu, nimekuja kuomba musamaha."

"Umesoma kaye?"

"Nimeisoma."

"Direktere aliniita jana. Bazazi mbili banataka batoto yabo batoke mu darasa yangu."

Nilimwuliza kwa nini hakusema ukweli pale pale, na ushahidi alikuwa nao.

"Mutoto alikuwa anasimama pale," akasema. "Ningesema baba yake hasomake kaye, angebakia na nani?" Alingʼoa magugu, akakungʼuta udongo. "Ile maneno ulisemea mbele ya bantu, Papa. Haiwezi kuishia huku mu shamba."

Nilimwomba direktere, naye akawaita wazazi tena wiki iliyofuata. Safari hii walikuja wachache. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, lakini niliposimama yakapotea, nikafungua kaye nikasoma yale matatu kwa sauti, na baada ya kila moja nikasema: hapa chini kuna sahihi yangu. Yule mama mwenye mtoto mgongoni akauliza taratibu, "Kumbe hata we hausomake?"

"Sikusoma, Mama."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kama wangecheka. Mmoja wa wale wazazi wawili alikubali kumwacha mtoto wake darasani. Wa pili alikuwa ameshamhamisha, na hakumrudisha.

Binti yangu nilimwomba msamaha nyumbani, tukiwa wawili. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mwalimu atafukuzwa?" Nikamwambia hapana, ingawa sikuwa na uhakika. Hakufukuzwa.

Niliomba wenzangu wanisaidie kazi za Kibua kwa muda, nikabaki nyumbani. Tulisoma kwenye kitabu cha karatasi, silabi kwa silabi. Mwanzoni hakukubali nimtazame. "Papa, angalia kule," alikuwa akisema, nami nikageukia ukuta na kumsikiliza akihangaika na neno, nikizuia mdomo wangu.

Sasa yuko primere ya nne. Anasoma, lakini yuko nyuma ya wenzake. Mwalimu wake wa mwaka ule tunakutana barabarani akitoka shambani. Anasalimia vizuri, "Jambo, Papa," anauliza habari za mtoto. Ni mimi ninayejibu nikiangalia chini.