Tairi la Enock na Mpira wa Kufungia Mizigo

Enzi za ujana wake, hakuna aliyempita Stanslaus Mayala kwa baiskeli kati ya Maganzo na Mhunze. Aliwahi kushinda mbio za baada ya mavuno akazawadiwa dume la ng'ombe, na siku zile marehemu baba yake alikuwa akiamkiwa kwa heshima hata na madalali wa almasi. Sasa magoti yamechoka. Anatengeneza baiskeli za watu kwenye kibanda cha mabati mbele ya nyumba yao, na yule dume alishachinjwa zamani.

Mwaka huu mdogo wake Enock, dereva wa mitambo mgodini huko Geita, alirudi likizo na baiskeli ya milimani ambayo matairi yake hayana tyubu. Watu walifika kuitazama kama wanaotazama bibi harusi.

"Sasa upepo unakaa wapi?" aliuliza mzee Marselino, jirani yao.

"Ndani ya tairi lenyewe, baba. Midomo yake inabana kwenye rimu, basi."

Stanslaus alinyoosha mkono aushike usukani. Enock akacheka. "Taratibu, kaka. Hii si Foneksi ya kubebea mkaa."

Watu wakacheka pia. Stanslaus akacheka nao, maana mtoto wa Mayala hanuni mbele ya wageni. Lakini usiku ule mezani mama yao alipomega ugali na kusema, "Jumapili kwenye mbio za Mhunze Enock atatutoa kimasomaso," Stanslaus alirudisha tonge sahanini. Kwani yeye alipokuwa akishinda, nyumba hii ilikuwa na aibu gani ya kutolewa?

Wivu wake ulikuwa kama moto wa pumba za mpunga. Huoni mwali, ila ukikanyaga unaungua mpaka kifundo.

Jumamosi mwiba wa mgunga ukalitoboa tairi la nyuma. Enock alilivua, akalibandika kiraka kwa ndani, akalirudisha. Kulijaza ndiko kulikomshinda. Kila alipopampu, upepo ulitokea pembeni, kati ya tairi na rimu. Mashine ya upepo ya pale barabarani ilikuwa imeharibika. Alipampu mpaka fulana ikamganda mgongoni.

Stanslaus alikuwa palepale anasafisha mnyororo wa mteja. Alijua la kufanya. Matairi mengi ya toroli hayana tyubu, naye alikwishayakalisha bila mashine yoyote. Lakini alikaza macho kwenye mnyororo, akasema moyoni: si alisema hiyo si ya kubebea mkaa? Na ilale hapo hapo kesho, Mhunze waende wengine.

Enock alipotoka uani alikuwa na kikombe cha bati. Alikuwa amekata matawi ya minyaa kwenye ua na kukinga utomvu wake.

"Cha nini hicho?" Stanslaus aliuliza.

"Kuna dawa nyeupe wanayotia ndani ya haya matairi, inaziba. Yangu imeisha. Nimeona haya ni maziwa yaleyale."

Stanslaus aliendelea kusugua mnyororo, na kumwacha akosee kulikuwa na utamu wake. Kisha aliwaza pampu ikisukuma, na utomvu ule ukirukia pembeni, usawa wa uso wa mtu aliyeinama. Mbuzi wa jirani alikuwa na jicho moja kwa sababu ya ua huohuo.

"Mwaga," alisema.

"Lakini kaka..."

"Mwaga, nawe kanawe kwa sabuni. Geita imekusahaulisha hata mnyaa?"

Enock alipotoka kunawa, alimkuta kaka yake amekwisha kuvuta ule mpira mrefu wa tyubu kuukuu anaofungia magunia kwenye keria. Stanslaus aliipaka midomo ya tairi povu zito la sabuni. Akauzungusha mpira kwenye mgongo wa tairi, pale panapokanyaga ardhi, akaukaza kama anayefunga gunia la pamba. Mgongo ukabonyea, midomo ikatanuka na kugusa rimu pande zote. Akachomoa sindano ya valvu ili upepo uingie kwa wingi.

"Sasa pampu. Usipumzike."

Enock akapampu. Povu likatokota, likatulia. Stanslaus akaulegeza mpira kidogo kidogo. Pa! Mdomo mmoja ukakaa. Pa! Na wa pili. Akaondoa pampu, upepo ukatoka wote, lakini midomo haikubanduka. Akarudisha sindano, wakajaza upya.

"Kaka, ulikuwa unajua tangu asubuhi?"

"Hukuniuliza."

Stanslaus alisema ataijaribu baiskeli mwenyewe kwanza. Akaenda nayo mpaka njia panda na kurudi, na wepesi wake ukamuuma kuliko kicheko cha juzi. Angekuwa nayo zamani zile, nani angemkaribia?

Jumapili Enock alishika nafasi ya pili. Pale kwenye mstari, vumbi likiwa bado usoni mwa mdogo wake aliyekosa ushindi, Stanslaus alijikuta anatabasamu kabla hajajizuia. Mama yao alimwona.

"Umefurahi, Stanslaus?"

"Nimefurahi, mayu. Wa pili si haba."

Mama alimtazama sana, kisha akasema watu wasisikie, "Funga hicho kinywa, tusalimie wageni."

Enock alikuja akamshika Stanslaus bega, akimtangazia kila mtu kwamba tairi lile lilikalishwa na kaka yake, kwa mpira na sabuni tu. Tangu siku ile vijana wanamletea matairi yao, nao humwita Fundi wa Enock. Huitika, na kila wakimwita hivyo huukaza mpira zaidi ya inavyohitajika.