Foleni ya Kushoto

Kaka yangu ni fundi kufuli. Ukipoteza ufunguo atakufungulia mlango kwa dakika mbili, nawe dakika hizo mbili utasimama nyuma yake ukikagua vyombo vyako kwa macho. Alivuta unga miaka sita, na mtaa wetu hausahau kitu.

Sasa anatibiwa. Kila asubuhi, kabla ya saa nne, anakunywa kikombe cha dawa kwenye dirisha la zahanati, nesi akimtazama mpaka ameze. Ukikosa siku tatu mfululizo jina lako linafutwa, unaanza kungoja nafasi upya, na wengi hurudia unga kabla nafasi haijapatikana. Mama yetu anayajua yote haya. Majirani amewaambia kijana wake ana presha.

Wiki ile kaka alikosa siku mbili kwa homa. Siku ya tatu tukamkokota, mimi mkono huu, mama ule.

Mlinzi wa getini hupanga watu kwa mdomo ili asiinuke kitini.

"Wagonjwa kulia, mateja kushoto. Mama, huyo teja?"

"Teja ndiye nani? Huyu ni mwanangu, anaumwa."

"Basi kulia."

Mama akaenda kulia, kifua mbele. Kaka akanong'ona, "Mama, siyo huku." Akaambiwa asimwaibishe. Mimi niliwafuata tu, na najuta mpaka leo. Tulipofikiwa tukapimwa presha. Ya kaka ilikuwa safi. Ya mama ilikuwa juu.

Tuliporudi getini zilibaki dakika kumi kufika saa nne.

"Kule ni kwa mateja tu," mlinzi akasema.

"Mimi ni wa kule," kaka akamwambia.

"Mama yako kakataa."

Mama akaitazama saa ya ukutani, kisha uso wa kaka uliolowa jasho. Kwenye benchi alikaa jirani yetu muuza mkaa, kadi ya kliniki mkononi, masikio wazi.

"Ni teja," mama akasema. Mlinzi akamwomba arudie. "Mwanangu ni teja. Tupishe."

Kaka alikunywa dawa yake na jina halikufutwa. Mama alimngojea nje, mkono ameshaunyoosha ili amshike. Kaka akampita, akashika ukuta, akaenda polepole peke yake. Mtaa mzima ulikuwa umeshamwita hivyo. Mama alikuwa bado, mpaka asubuhi ile.