Mjomba Hakuitikia

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alistaafu kazi ya ulinzi katika hoteli moja ya Diani, akarudi nyumbani Mwabungo na simu mpya. Ndani ya simu hiyo aligundua watu wa nchi za mbali wanaojiandaa kwa dharura. Tangu hapo dharura ikawa kama mgeni aliye njiani kuja kwetu. Kila asubuhi mjomba alimngojea, amevaa fulana nzito yenye bamba la chuma mgongoni na mifuko tele kifuani. Humo mlikuwa na tochi, kamba, kisu chenye meno, blanketi la kumetameta, filimbi na dira, ingawa Mwabungo hata kuku wanajua bahari iko upande gani. Aliivaa akienda dukani. Aliivaa msikitini, mpaka safu nzima ikalalamika, maana kila akirukuu vitu viligongana kama masufuria.

Siku moja mama alimwuliza, "Kaka, na hiyo dharura ikija, utafanya nini?"

"Nitafungua mfuko."

"Kisha?"

"Itategemea mfuko."

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika riwaya, yaani nilikuwa napatikana kwa kazi yoyote. Jirani yetu, dada mmoja wa kutoka bara anayefanya kazi ya uokoaji kwenye bwawa la hoteli, alipojitolea kuufundisha mtaa huduma ya kwanza, mama alinichukua niwe mgongo wake wa kufanyia mazoezi.

Tulikutana katika darasa la chekechea, tumekalia viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Somo lilikuwa mtu aliyesakamwa na chakula. Unamwinamisha, unampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Kisipotoka, unamkumbatia kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, unavuta ndani na juu. Jambo jepesi. Lakini sisi ni watu wa pwani. Kila aliyeinua mkono alisema kwanza, "Samahani, mzee wangu, uniwie radhi." Na mwenye kupigwa akajibu, "Bila samahani, mwanangu, karibu."

Mwalimu alishika kichwa. "Wazee wangu, huyu mgonjwa ashadedi. Amekufa mkimwomba radhi."

Akaturudisha mwanzo, na tena mwanzo, mpaka mikono yetu ikaacha kuingoja midomo.

Alitaka pia tuanze kwa kumwuliza mgonjwa kama anaweza kusema. Mzee mmoja akaona huo ni ufidhuli. Mama akatoa wazo: aamkiwe. Mtu mzima wa huku akiambiwa shikamoo hawezi kuacha kuitikia, basi asiyesema marahaba, kasakamwa. Mwalimu alicheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akakubali. "Poa. Shikamoo, halafu kofi."

Mjomba alifika siku hiyo na fulana yake, akidhani amekuja kutufundisha. Mwalimu akamwomba aivue ili mwenzake aufikie mgongo.

"Askari havui silaha," mjomba akasema.

"Silaha iko wapi, baba? Mimi naona dira."

Mama alicheka. Mjomba akageuka akaenda zake na masufuria yake, na tangu siku hiyo nyumba yetu nzima ikanyimwa marahaba. Salamu ya dini aliitikia, kwa kuwa hiyo ni wajibu, ila kwa sauti ya mtu anayelipa kodi. Alinuna, lakini chakula chetu hakukisusia.

Alasiri moja alikuwa ameketi uani, sahani ya mhogo wa kukaanga mapajani, mama yuko kwenye mbuzi akikuna nazi. Nikatoka ndani.

"Shikamoo, mjomba."

Kimya.

"Mwache," mama akasema bila kuinua macho. "Amenuna mpaka Ramadhani."

Mjomba alitukodolea macho. Akafungua mfuko, akatoa dira, akaiweka chini. Akafungua mwingine, akatoa kamba.

"Sasa ametufungulia duka," mama akasema.

Akapata filimbi, akaitia mdomoni, mashavu yakafura. Haikulia.

Nilisimama pale nisijue kama ninatazama hasira au kifo, maana usoni mwa mjomba vilifanana. Nikasema, "Asalaam aleikum, mjomba."

Hata hiyo hakuitikia.

Mama aliruka, nazi ikabingirika. Mimi nilikuwa karibu zaidi, nikampiga mgongoni kwa nguvu zangu zote, bamba likalia kama kengele na mkono wangu ukafa ganzi. Vifungo vya fulana alivijua mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na shughuli. Mama akamkumbatia kwa nyuma, akakutana na tochi, betri, na bandeji zingali katika karatasi za dukani. Mikono yake ikapita chini ya fulana, kama ya mtu anayetafuta kitu ndani ya debe la mchele, ikapata kitovu, ikakunja ngumi, ikavuta. Kaka yake alikuwa mzito kumshinda kwa mbali, naye alimwinua. Hakikutoka kitu. Akavuta tena, na safari hii nilimsikia akilia. Kipande cha mhogo kiliruka, na kabla hakijatulia mchangani kuku mmoja akakimbia nacho nyuma ya choo.

Mjomba alivuta pumzi kwa sauti ya mlango wenye kutu. Akakaa chini katikati ya vitu vyake. Mama akakaa nyuma yake. Mjomba alifungua vifungo kimoja kimoja, akaivua fulana, akabaki na shati lililolowa jasho.

"Nionyeshe ulivyofanya," akasema.

"Si sasa, kaka."

"Nionyeshe nijue. Huenda siku moja ikawa wewe."

Mama akajifuta macho kwa kanga. Akamkumbatia tena, taratibu, akaiweka ngumi pale pale. Hakuvuta. Alibaki hivyo kwa muda mrefu, shavu limelala mgongoni mwa kaka yake.