Barua ya Chuo Ninayomficha Mwalimu Wangu

Bwana Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu na la kijiji chetu. Sina mtu wa kumweleza haya, na yule mmoja ambaye ningemweleza ndiye ninayemdanganya.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mwalimu msaidizi katika shule ya kijiji, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mikindani. Ualimu sijausomea. Nilishuka kutoka upande wa Newala kutafuta kazi kwenye bandari mpya ya Mtwara, nikakosa. Mwalimu mkuu wa shule hii alinikuta sokoni nikimsomea mama mmoja barua ya mwanawe. Akasimama akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Kijana, mbona hukuruka pale penye habari mbaya?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Barua si yangu." Siku ileile akanichukua kwake.

Wiki ya kwanza watoto walinicheka Kiswahili changu. Mwalimu hakumpiga mtu. Aliweka chaki mezani akasema, "Anayejua kuliko yeye aje afundishe." Hakuna aliyeinuka. Kila ninachokijua cha kazi hii, kuanzia kushika chaki hadi kumnyamazisha mtoto bila kiboko, nimekipata kwake. Baba yangu mzazi hakunivumilia hivyo.

Mwezi wa tatu nikagundua kwamba macho yake yamekwisha. Ubaoni hufunga uzi kutoka msumari hadi msumari ili mwandiko usipinde. Kila alasiri, tukishakula muhogo wa mkewe (nitamwita Mama Zuhura), namsomea mwalimu somo la kesho mara mbili naye analishika lote kichwani. Mkaguzi wa shule alipokuja, mwalimu alisimama na kitabu mkononi akasoma kurasa nne bila kukosa neno, mimi nikikohoa kila mwisho wa ukurasa ili afunue. Mkaguzi alimsifu sana. Mimi alinishauri nikatafute dawa ya kifua.

Mwaka huu mwalimu akaamua niende chuo cha ualimu. Aliitunga barua ya kuniombea nafasi, mimi nikaiandika. Nilipotaka kupunguza sifa, akanikatiza: "Andika nisemavyo, mwanangu. Macho ni yako, maneno ni yangu."

Majibu yalifika wiki tatu zilizopita, jina lake juu ya bahasha. Nimekubaliwa! Nafasi yangu wataishika hadi mwisho wa mwezi ujao. Niliisoma kimya, mwalimu akisubiri, Mama Zuhura akimenya muhogo mlangoni na kunitazama. "Yasemaje?" mwalimu akauliza. Nikasema, "Ni habari za madaftari, mwalimu. Yatachelewa."

Uongo ulitoka laini hata mimi nikashangaa. Lakini nifikirieni. Nikiondoka, ataletwa msaidizi mwingine, na huyo hatakohoa. Mwalimu atafukuzwa kazi, na nyumba wanayokaa ni ya shule. Nikimwambia barua imefika, namjua, ataniamuru niende kesho asubuhi.

Siku ya pili Mama Zuhura alinifuata jikoni. "Nilikuona uso," akaniambia. "Sikuulizi imesema nini. Ila ukiondoka wewe, Baba Zuhura hamalizi wiki." Akachukua mchi, akaanza kutwanga. Nilimchukia kwa kusema kweli, kisha nikajichukia mwenyewe, maana nafasi ile naitaka. Naitaka sana! Barua nimeichomeka kwenye makuti juu ya kitanda changu, na kila nikijilaza naiona ncha yake.

Juzi mwalimu alichoka kusubiri, akanitungia barua ya pili kwenda chuoni. "Andika: kama kijana huyu ana kosa, nielezeni mimi, kwani kosa ni la aliyemfundisha." Niliiweka kalamu chini. Mwalimu akageuza sikio. "Mbona siisikii kalamu?" Nikasema wino umekwisha. Wino ulikuwa umejaa chupa. Akaanza kunituliza, akasema nisivunjike moyo, chuo kina mambo mengi, watajibu tu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya darasa kama mtoto wa chekechea.

Ndugu wasomaji, nikienda namwangamiza aliyenifanya mtu. Nikibaki namwibia kile alichokitaka kwa ajili yangu, tena kwa kutumia macho aliyoyaamini.

Na gazeti hili hutufikia kwa lori linalokuja kuchukua korosho. Mimi ndiye ninayemsomea, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Ukurasa huu wa wenye shida anaupenda kuliko yote, na huwajibu kwa sauti kana kwamba wamekaa naye mkekani. Mkiichapa barua hii, itaingia mikononi mwangu, naye atakuwa amekaa mbele yangu, ametega sikio.

Nishaurini, nifanye nini? Niisome, au niiruke?