Nyota Iliyopanda Daraja

Mimi ni mbishi, na nilikuwa mbishi zaidi nilipokuwa bado kijana, cheti cha ualimu kimetundikwa ukutani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha fizikia sekondari pale Mpanda mjini, na nyumbani Kakese nilikuwa naishi na mama mkubwa, dada yake marehemu mama. Ndiye aliyenibeba mgongoni tulipokimbia Burundi, na ndiye aliyenisomesha.

Alinisomesha kwa tumbaku. Kila msimu alikuwa anakwenda Katumba, kwenye ghala la chama cha wakulima, anakaa kwenye meza ndefu na kutenga majani yaliyotoka banini, kule yanakokaushwa, kwa madaraja: hili la kwanza, hili la tatu, hili takataka. Alikuwa hasemi sana. Anashika jani, analiweka katikati ya majani mawili anayoyajua daraja lake, anatazama, basi. Mkulima akisikia robota lake, ule mzigo wa majani yaliyofungwa, limepita mikononi mwa mama mkubwa alikuwa analala usingizi.

Mwalimu aliyenitangulia alipohamishwa aliniachia darubini ya macho mawili, mkanda wake umekatika na kufungwa kamba ya katani, pamoja na karatasi yenye ramani ya nyota. Akaniambia, "Hii moja usiiache." Ni nyota hafifu, kwetu sisi inakaa chini ya Kilimia, lile kundi la nyota ndogo, ukitazama kaskazini. Kwa macho matupu huioni, labda uwe na macho ya mwewe. Lakini maelezo yake, jamani! Ni nyota kubwa mno, ya moto wa bluu, inajizungusha kwa kasi mpaka inarusha gesi kiunoni mwake, na gesi ile inaizunguka kama sahani. Pembeni ina mwenzake mdogo, mabaki ya nyota iliyokufa zamani, anayeishi kwa kuinyonya gesi hiyo, na gesi ikimwangukia inatoa miale ya eksirei, ileile ya hospitali. Halafu sahani hiyo huja na kuondoka. Ikiondoka, nyota inafifia. Ilikuwa imeondoka miaka kadhaa nyuma, na hakuna aliyejua itarudi lini.

Nilichanganyikiwa kwa udadisi. Inarudi kwa nini? Nani anaiambia sasa anza? Kazi yangu ilikuwa rahisi: kila mwezi niitazame, niilinganishe na majirani zake wawili ambao ukubwa wa mwanga wao umeandikwa kwenye ramani, niandike namba, nipeleke posta kwa kikundi cha watazamaji wa ng'ambo. Namba ndogo maana yake mwanga mkubwa.

Nilipomweleza mama mkubwa, alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe nyie wasomi mnachambua tumbaku ya mbinguni! Daraja la kwanza ndiyo bora, si ndiyo? Lete hiyo miwani."

Basi ikawa desturi yetu. Tukimaliza kula tunatoka uani, mimi natazama, yeye anatazama. Novemba tulikubaliana kwamba nyota iko sawa na jirani yake wa chini, yule hafifu. Desemba mvua ilikatika jioni moja, mawingu yakafunguka, akashika darubini, akaitazama nyota kwa muda mrefu.

"Imepanda," akasema.

Nikafungua daftari, nikamulika kwa tochi. "Mwezi uliopita ilikuwa sawa na huyu wa chini, mama mkubwa. Ni vilevile."

"Tazama tena."

Nikatazama, nikaona kilekile kilichoandikwa kwenye daftari. Januari akasema imemwacha wa chini na sasa inamfuata wa juu. Nikacheka. Nikamwambia, "Mama mkubwa, macho hayo!"

Yoo, alivyokasirika! "Macho yangu yana nini? Wewe kwa nini unasoma daftari kwanza? Ghalani robota likifika mezani, lebo yenye daraja alilotaja mkulima inalazwa kifudifudi. Hakuna kuigeuza mpaka umeshasema daraja. Ukiisoma, jani linakuwa vile lebo inavyotaka."

"Hii ni sayansi, mama mkubwa. Siyo tumbaku."

Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini niliisema, na nikaisema kwa sauti ya darasani. Februari na Machi niliandika namba ileile ya Novemba. Yeye aliendelea kusema imepanda, nami niliendelea kumwonea huruma.

Machi hiyohiyo mwenyekiti wa chama cha wakulima alikuja nyumbani siku ambayo mama mkubwa alikuwa shambani. Msimu uliopita marobota mawili yalikuwa yamerudishwa kutoka sokoni, na watu walianza kunong'ona kwamba macho ya mama yamechoka. Aliniuliza taratibu, kwa heshima, "Mwalimu, wewe unaishi naye. Tuambie ukweli, mama anaona?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilijua kila kitu wakati ule. Nikamjibu, "Hata nyota anaziona zinaongezeka mwanga." Mwenyekiti akatikisa kichwa, akashukuru, akapanda baiskeli yake.

Wiki mbili baadaye ujumbe ulifika: mama apumzike msimu huu, meza amepewa mwingine. Kesho yake aliamka saa yake ya kila siku, akaoga, akavaa kitenge chake cha ghalani chenye madoa ya tumbaku, halafu akakaa mlangoni. Hakuwa na pa kwenda. Alikaa pale mpaka jua likawa kali. Mchana akaniuliza, "Hivi ni nani aliyewaambia kwamba sioni?"

Nikasema, "Maneno ya watu tu, mama mkubwa."

Barua ya ng'ambo ilifika Juni. Walinishukuru kwa uvumilivu wangu, wakaniambia kwamba sahani imerudi: wenzangu wote wameona nyota ile ikiongezeka mwanga tangu Desemba, mwezi baada ya mwezi. Namba zangu peke yake hazikutikisika. Wakauliza kwa upole kama nina hakika nilikuwa naitazama nyota yenyewe.

Nitasema ukweli: kwanza nilifurahi. Nilisimama pale mbele ya posta nikitabasamu peke yangu, imerudi, imerudi! Sahani nzima ilijengeka mbele ya macho yangu. Ndipo nikarudia kusoma: tangu Desemba. Mbele ya macho yangu mimi, lakini aliyeiona ni mama mkubwa.

Sikwenda nyumbani. Niliazima baiskeli, nikaenda Katumba moja kwa moja, nikamkuta mwenyekiti ghalani na kumwambia mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyekosea. Alikuna kichwa. Akasema meza haiwezi kurudi kwa barua ya nyota, lakini mama aje apewe mafungu kumi, lebo kifudifudi, watu waone wenyewe.

Jioni nilimkuta mama mkubwa jikoni, anasonga ugali. Nikamsomea barua, nikiifasiri. Akaacha kusonga.

"Yaani imerudi kweli?"

"Imerudi."

"Tangu Desemba?"

"Tangu Desemba, mama mkubwa, kama ulivyosema."

Akapiga makofi, akacheka. "Si nilikwambia! Sasa niambie, imekula nini mpaka ikanawiri hivyo?" Alikuwa na maswali kumi, na ningependa kuyajibu yote kwanza. Lakini nikamwambia na lile lingine, kwamba mwenyekiti aliniuliza mimi, na nikamjibu nini.

Hakupiga kelele. Aliepua ugali, akanipakulia, akasema, "Kula." Yeye hakula.

Asubuhi alikwenda Katumba peke yake, akanikataza kumsindikiza. Watu walinisimulia baadaye. Alipatia mafungu tisa. La kumi alibishana nalo, akasema lebo ndiyo iliyokosea. Wakamwita mchambuzi mwingine asiyeiona lebo, naye akasema vilevile. Meza yake alirudishiwa siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi alihamisha vitu vyake, akapanga chumba jirani na ghala. Aliniaga vizuri, akaniachia hata kuku wawili.

Novemba Kilimia iliporudi jioni, nilimfuata Katumba na darubini. Nilidhani atakataa. Alinikaribisha, akanipa chai, tukatoka uani. Akaishika darubini, akatazama kwa muda wake wote, halafu akanipa.

"Sema wewe," akasema.

Nikatazama. Daftari nilikuwa nimeliacha nyumbani kwa makusudi. Nikasema namba yangu, nikamuuliza yeye ameionaje.

"Habari za shule?" akaniuliza.

Nilikwenda Desemba, na Januari, na msimu uliofuata, na ule uliofuata tena. Kila mara alitazama kwanza, kila mara alinitaka niseme. Nami kila mara niliuliza, maana nilitaka mno kujua. Hakuniambia tena hata siku moja alichokiona.