Koti Nililolibadilisha kwa Beseni

Namshukuru Mungu aliyewavusha watu wake jangwani miaka arobaini bila mavazi yao kuchakaa. Yangu huchakaa, naye hunipa macho ya kuona tundu na vidole vya kulishona, hata sasa uzeeni. Jina lake lisifiwe. Na anisaidie kusema kweli hapa, kwa sababu nasimulia siku niliyosema uongo.

Tangu mimi na mume wangu tuhamie Kitengela, nguo mpya nimenunua mara chache sana. Mitumba naijua. Nguo huigeuza ndani nje, nikavuta mshono wa kwapa, nikaiinua juani nione kama imeliwa na nondo. Sweta iliyochoka naifumua, uzi naufumia nyingine. Shuka kuukuu inakuwa pazia, kisha kitambaa cha kupigia deki. Sifanyi hivi kwa umaskini. Siku moja jirani alichinja mbuzi, na tumboni tukatoa soksi mbili na kipande cha blauzi. Tangu hapo sitaki kuona nguo imetupwa kwenye kiwanja changu.

Niliweka gunia barazani, nikawaambia wapangaji wangu wote: kitu usichovaa kitie hapa, mwenzako atakivaa. Niliwahubiria sana juu ya hilo. Gunia likijaa, namwita yule mwanamume wa mali kwa mali, anayepita na vyombo vya plastiki na kuvibadilisha kwa nguo zilizovaliwa.

Alhamisi moja alipita asubuhi. Wiki hiyo fundi alikuwa akibadilisha dari katika nyumba ya mpangaji wangu mmoja, mjane kutoka upande wa Kakamega anayefanya kazi ya ofisi Nairobi, na baadhi ya vitu vyake vilikuwa barazani kwangu. Kando ya gunia palikuwa na mfuko wa bluu. Niliufungua kidogo, nikaona mashati na kola ya koti la kijivu la mwanamume. Nikafurahi kwamba kuna aliyesikia mahubiri yangu. Nilimpa yule mwanamume gunia na mfuko, naye akanipa beseni kubwa la kufulia.

Haikupita saa moja, simu ikalia. Ni yule mjane, ambaye kama wengi hapa huniita shosho, yaani bibi.

"Shosho, ile mfuko yangu ya bluu iko salama? Kuna koti ya baba watoto ndani. Baba yake anakuja Jumamosi kuichukua. Mwaka umeisha tangu tumzike, na kwetu lazima mzazi apewe kitu cha mtoto wake mkononi."

Nililitazama lile beseni.

"Iko," nikasema. "Iko salama."

"Asante, shosho. Mungu akubariki."

Nimefundisha watoto wa kanisa Amri Kumi kwa miaka mingi. Uongo ulitoka bila hata kukwama kooni.

Nilijua yule mwanamume humwaga mzigo wake sokoni, kwa mama ninayenunua kwake. Nilipofika mashati yalikuwa bado kwenye turubai. Koti halikuwapo.

"Umechelewa, shosho," akasema yule mama. "Imeenda na mzee mmoja Mmaasai. Amejaribu tatu, akachukua hiyo. Amesema anapitia duka ya dawa za ng'ombe, halafu gari ya Mashuuru saa saba."

Ilikuwa imepita saa tano na nusu. Nilikusanya mashati nikayalipia, kisha nikakimbia, mimi ambaye magoti yangu hayataki hata ngazi ya kanisa.

Nilimkuta kwenye kaunta, mzee mrefu wa rika langu, amevaa koti la kijivu juu ya shuka, akinusa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe kuona kama ni kali.

"Sopa, mzee," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa, yeyo," akaitikia, akiniita mama kwa lugha yao. "Mbona unapumua hivyo? Umefukuzwa?"

Nilimweleza yote, pamoja na ule uongo. Alisikiliza mikono ikiwa mifukoni.

"Kwa hivyo nimevaa marehemu," akasema.

"Ndiyo."

"Hiyo si shida. Zote za sokoni ni za watu hatujui."

Mwenye duka akacheka. "Mzee, ukiivua hiyo, ng'ombe watakukuta umeganda."

"Nikurudishie ulicholipa, na juu niongeze," nikasema.

"Pesa haina joto, yeyo. Naamka saa kumi asubuhi, na huko kwetu upepo hauna adabu. Koti ya kunitosha nimetafuta soko tatu." Akanitazama. "Wewe hauna ingine?"

Chini ya kitanda changu kulikuwa na sanduku, na ndani yake koti jeusi la mume wangu. Alikuwa na miaka minane kaburini. Kila Januari nililianika, nikalipiga brashi, nikalirudisha na vidonge vya nondo. Hakuna mpangaji aliyejua. Wao nimewaambia mara ngapi kwamba nguo isiyovaliwa ni dhambi ya uchoyo?

"Niko nayo," nikasema.

"Ilete niione. Gari ikijaa, naenda."

Nyumbani nilivuta sanduku, nikalifungua. Nilishika ukosi wa koti na vidole havikutaka kuachia. Niliomba, sala fupi isiyo na maneno mazuri, kisha nikatoka nalo mkononi, nisije nikakaa chini.

Gari lilikuwa linapiga honi. Mzee alisimama mlangoni mwake, utingo akimsukuma. Alilichukua koti, akaligeuza ndani nje, akavuta mshono wa kwapa, akaliinua juani. Kisha akalijaribu. Mikono iliishia juu ya kifundo.

"Bwana yako alikuwa mfupi."

"Alikuwa wa kutosha."

Akacheka mpaka utingo naye akacheka. "Ni nzito. Hii ni ya baridi kabisa." Akanipa lile la kijivu, likiwa bado na joto lake. "Ashe oleng, yeyo. Asante sana."

Gari liliondoka, nami nikaona bega jeusi dirishani mpaka lilipokata kona.

Jioni mjane alikuja kuchukua mfuko wake. Alitoa koti, akaliweka usoni, akasimama.

"Shosho, mbona hii inanuka dawa ya ng'ombe?"

Ningeweza kusema jambo lolote. Nilimweleza, kuanzia beseni hadi neno "iko". Aliketi kwenye ngazi ya baraza, koti magotini.

"Ungeniambia ningelia huko ofisini," akasema. "Lakini ningekuwa najua. Usiniambie tena iko kama haiko."

"Sitasema tena, mama. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema Jumamosi nipike chai.

Nilipika. Baba mkwe wake alifika, mzee mdogo wa umbo mwenye fimbo. Alilivaa koti la mwanawe, likamfika magotini. Alinusa mkono wa koti.

"Kijana wangu alianza kufuga?"

Mjane alinigeukia. Basi nikasimama na birika mkononi nikamweleza na yeye, na chai ya watu ikapoa. Aliuliza swali moja tu.

"Na huyo mzee wa Mashuuru, hiyo yako inamtosha?"

"Ni fupi mikono, baba. Lakini ina joto."

"Basi ni sawa," akasema, akafunga vifungo vyote.

Mjane aliinua kikombe chake akaninyooshea nikimiminie.

Gunia bado liko barazani. Siku hizi nauliza mwenye mfuko kwanza. Wewe unayesoma, Mungu akuvike joto wakati wa baridi, akupe mtu wa kumwachia ulichonacho ungali hai, na ulimi wako usikutangulie mbele ya kweli. Amina.